Tupeane uzoefu: ulijuaje kama programu uliyouziwa ni nzima?

Mama Depo, Goma
Wapendwa, nauza sukari na unga kwa jumla hapa Birere. Mwaka jana nilinunua programu ya mauzo. Kijana aliyeniuzia alinionyesha rangi nzuri, kila ukurasa unafunguka haraka, nikalipa. Bei ya dola ilipopanda nikaingiza bei mpya. Jioni nafungua mauzo ya mwezi uliopita, nakuta yamebadilika! Risiti zote za zamani zimepigwa upya kwa bei hiyo mpya. Mteja aliyemaliza kulipa franka zake anaonekana ana deni. Na kabla sijalitambua hilo, nilimshuku mtoto wa kaka yangu anayekaa kwenye kaunta. Linaniuma mpaka leo. Unga wenye wadudu naujua, nauchota tu kiganjani. Programu naipimaje?

Fundi wa Kadutu, Bukavu
Pole sana mama. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na hata mimi nikiangalia skrini tu siwezi kujua. Siku muuzaji anapokuonyesha, kila kitu huenda vizuri. Wewe mletee siku mbaya kabla hujalipa. Uza mfuko mmoja, na katikati ya kuuza chomoa waya wa umeme. Ukiwasha tena, mfuko umeandikwa mara moja, mara mbili, au umepotea? Rudisha bidhaa uone stoo inasemaje. Badili bei ya dola, kisha fungua risiti ya jana. Halafu dai hesabu zako zote kwenye faili unaloweza kuondoka nalo. Akikataa hilo la mwisho, usinunue.

Muuguzi, Lubumbashi
Kwetu programu iliunganisha watu wawili wenye jina moja. Mzee kaja kupimwa presha, faili lake lina chanjo ya surua ya mtoto. Jaribuni majina yanayofanana.

Mwanasheria kijana, Bukavu
Mama, habari ya huyo mtoto wa kaka yako imenikumbusha Uingereza. Programu ya posta, Horizon, iliyotengenezwa na Fujitsu, ilionyesha pesa pungufu, na kati ya 1999 na 2015 zaidi ya wasimamizi 900 wa posta ndogo wakahukumiwa. Mahakamani kompyuta iliaminiwa kuliko wao. Mwaka 2019 ndipo jaji akasema programu ilikuwa na kasoro.

Mama Depo, Goma
Mia tisa! Mtoto nimeshamwomba radhi. Muuzaji anakuja Jumatatu, na waya nitauchomoa mwenyewe.