Chasisi ya Land Rover 109: nipige mchanga, nitumie dawa au nikwangue kwa mkono?

Mtoto_wa_Pongwe
Wakuu habari za jioni. Nina Land Rover ya marehemu baba, imelala uani miaka tisa. Nimeshaifungua yote. Vyuma vina kutu, na rangi imepakwa juu ya rangi. Fundi mmoja anasema nipeleke vyote vipigwe mchanga wa presha, mwingine anasema mchanga unaharibu, ninunue dawa ya kubandua rangi. Mdogo wangu anataka tukae na grainda na brashi ya waya. Jumamosi kirikuu inakuja kubeba. Ipi bora?

Gereji_ya_Uani
Mkuu, vyuma gani? Bodi ya Land Rover ni aluminiamu, chasisi ni chuma, havitendewi sawa hata kidogo. Taja kimoja kimoja.

Nakuru_Dizeli
Na utuambie uko na bajeti ngapi, na kama ni wewe mwenyewe utapiga, uko na kompresa gani.

Mtoto_wa_Pongwe
Samahani wakuu. Ni Series III ya 1978. Kuna chasisi, ule ukuta wa chuma unaobeba dashibodi, rimu tano, springi, milango, boneti, kava la tapeti (kile kifuniko cha juu ya injini) na manifoldi (yale mabomba ya hewa na moshi ya injini). Bajeti laki sita. Kompresa ni ya jirani, ya lita 50, anapulizia rangi.

Gereji_ya_Uani
Hiyo kompresa isahau. Nozo ya mchanga inakula upepo mwingi mno, utapiga nusu dakika kisha usubiri tenki lijae. Halafu inatema maji, mchanga unaganda kwenye mpira. Chasisi mpe mwenye kompresa kubwa ya kuvutwa na gari. Na popote utakapopiga, praima ya zinki ipakwe siku hiyohiyo. Kwa unyevu wa Tanga, chuma kilichopigwa asubuhi ukikiacha wazi, kesho unakikuta cha rangi ya machungwa.

Dada_Rangi
Milango na boneti usiwape kabisa. Mchanga ukigonga bati jembamba unalitanua upande mmoja, linavimba kama bati la paa lililokanyagwa, na hakuna pati ya kulirudisha. Nimepokea boneti za hivyo na nimezikataa. Tumia dawa ya kubandua, kikwangulio cha plastiki na msasa laini. Kostiki soda nayo usiisogeze, inakula aluminiamu.

Mzee_wa_Beringi
Kijana, nakuomba usome hii mpaka mwisho. Mwaka niliofanya injini ya pikapu yangu nilipeleka kava la tapeti likapigwe shanga za kioo. Lilirudi linang'aa, hata mama watoto alilisifia. Ndani ya kava kuna kibati kinachozuia oili isirushwe kwenye bomba la kupumulia. Kibati kile sikukifungua. Niliosha kwa petroli, nikapuliza upepo, nikaosha tena, nikafunga. Nikaendesha wiki tatu. Siku moja taa ya oili ikawaka mlimani, nikazima palepale. Nilipofungua sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, nikachota oili kwa vidole viwili nikaisugua, inakwaruza kama sukari. Beringi zote za krenki zilikuwa na michirizi, na krenki ikaenda kuchongwa. Shanga zilijificha chini ya kibati, injini ilipopata moto zikaanza kushuka kidogo kidogo. Kitu chochote ambacho oili au hewa ya injini inapita ndani yake, kioshe kwa mafuta ya taa na brashi. Mchanga usikiguse.

Mtoto_wa_Pongwe
Shikamoo mzee. Nimeliondoa kava kwenye mzigo sasa hivi. Manifoldi pia.

Nakuru_Dizeli
Mimi rimu huwa sipigi. Chukua pipa la plastiki, maji, magadi yale ya kupikia maharagwe, na chaja ya betri. Hasi kwa rimu, chanya kwa kipande cha nondo, visigusane. Kesho yake kutu inatoka kwa brashi ya kufulia. Fanya nje, ile hewa inayotoka hushika moto. Na usitumie chuma cha sufuria zisizoshika kutu badala ya nondo, maji yanakuwa sumu.

Dada_Rangi
Springi lakini zisiingie humo. Chuma kigumu kikinywa hiyo hewa kinaweza kukatika.

Bandari_Salama
Mnabishana njia tu, hakuna aliyeuliza mchanga gani. Uingereza walikataza mchanga wa kawaida kwenye kazi hii tangu 1949, kwa sababu vumbi lake linakata mapafu. Mwambie fundi atumie garneti (chenga za jiwe gumu) au chenga za chuma, na avae kofia yenye bomba la hewa safi.

Chuma_Chakavu
Mkuu, sisi tunapiga mchanga wa mto mwaka wa 14 huu, kitambaa puani, tuko wazima. Garneti bei yake ataiweza?

Bandari_Salama
Kaka yangu alipiga mchanga kwenye matangi miaka 11, kitambaa puani. Leo akipanda ghorofa moja anapumzika mara tatu. Kapime kifua, ndugu yangu, nakusihi.

Mpenda_109
Mwenye thredi, kama rimu moja ni ya ziada naihitaji, niko Korogwe.

Mtoto_wa_Pongwe
Rimu siuzi kaka. Wakuu, leo nimegonga chasisi nyuma, pale bampa inapofungwa. Bisibisi imezama mpaka kwenye mpini. Sasa nichomelee kwanza au nipige kwanza?

Gereji_ya_Uani
Piga kwanza. Utaona chuma kizima kinaanzia wapi, vinginevyo utachomelea kiraka juu ya kutu.

Chuma_Chakavu
Choma kwanza. Ukipiga, mwenye welding akichelewa siku mbili kutu imerudi, unalipa mara mbili. Na mchanga utaingia ndani ya boksi la chasisi kupitia hayo matundu.

Gereji_ya_Uani
Mchanga unaingia hata bila matundu hayo. Unaisimamisha chasisi wima, unaigonga kwa nyundo ya mpira mpaka utoke wote.

Mtoto_wa_Pongwe
Kirikuu nimeiahirisha. Kesho naleta fundi welding aione kwanza, nitaweka picha jioni.