Nimepigwa tochi, nikabisha, afande akachukua funguo. Haki yangu ilikuwa ipi?

FundiSare:

Wakuu, habari za jioni. Naandika nikiwa bado na uchungu, mnivumilie kama itakuwa ndefu.

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Morogoro. Kila mwisho wa mwaka nashuka Kariakoo kuchukua vitambaa, nawahi kurudi kabla shule hazijafunguliwa. Alhamisi iliyopita nilikuwa narudi na gari langu dogo, IST, kiti cha nyuma kimejaa majora ya kaki na ya bluu, niko peke yangu. Kuna kijiji kimoja nilikipita taratibu kabisa, jicho kwenye mshale wa spidi, maana barabara ile naijua. Nikamaliza eneo la 50, yaani kilometa 50 kwa saa, nikaongeza mwendo. Kama kilometa tatu mbele nikasimamishwa.

Afande alisalimia vizuri tu, akaomba leseni, nikampa. Kisha akatoa simu yake, akanionyesha picha ya tochi, kile kifaa cha kupima spidi, aliyotumiwa na mwenzake wa nyuma. Gari ni langu, namba ni zangu, na pembeni pameandikwa 71. Akasema, "Mama, umepita kwenye 50 na 71." Nikamwomba niitazame vizuri. Nilipoikuza ile picha, nyuma ya gari langu, ng'ambo ya barabara, kinaonekana kibao cha 50 kinachowatazama wanaotoka Morogoro. Yaani pale wao ndipo wanapoanza 50, na mimi ndipo ninapoimaliza. Kibao kikiwa nyuma yangu maana yake nimeshatoka! Nikamwonyesha kwa kidole. Hakukitazama. Akasema, "Unataka kunifundisha kazi?" Akaingiza mkono dirishani, akachomoa funguo, akaenda kukaa kivulini.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja akaja mwingine, kifuani hana jina, akataka kuona mtungi wa kuzimia moto. Kweli mshale wake ulikuwa umeshuka kwenye nyekundu, sikujua. Akasema, "Makosa mawili, elfu sitini. Au ongea na sisi." Giza linakaribia, niko mwanamke peke yangu, mzigo wa watu nyuma. Nikatoa elfu ishirini. Funguo ikarudi. Karatasi hakuna, risiti hakuna.

Hiyo elfu ishirini inaniuma kuliko tochi yenyewe. Nauliza wanaojua: ningeweza kukataa kosa? Nikikataa nalala ndani? Na funguo za gari langu, zinachukuliwa hivi hivi tu?

DerevaWaNoah:

Pole sana dada. Mimi nitakuambia ninachofanya, usinichukie. Nikiandikiwa, nalipa naondoka. Nina abiria, na saa mbili pale barabarani zinanila zaidi ya elfu thelathini. Haki naijua kidogo, ila sijawahi kuwa na siku ya kuipeleka mahakamani.

MzeeWaSemi:

Mwanangu FundiSare, shikamoo zako nazipokea hata kama hukuziandika. Nimeendesha lori la semitrela Dar hadi Tunduma miaka ishirini na saba, kwa hiyo haya nimeyapitia na mwili wangu.

Naanza na wajibu wetu, kwa sababu wengi wanakimbilia haki wakiwa wameshajiharibia. Ukisimamishwa na askari mwenye sare, simama. Kutosimama ni kosa peke yake, hata kama ulikuwa huna lingine. Akitaka leseni, toa. Akitaka jina na unakoishi, sema. Hapo usibishane.

Sasa hilo la kukataa kosa. Ile faini ya papo kwa papo ni ya mtu anayekubali kwamba kosa kalifanya. Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ile ya mwaka 1973, inampa afande uwezo wa kukuandikia, lakini haimfanyi hakimu. Usipokubali unasema kwa sauti ya kawaida: "Afande, kosa hili silikubali, naomba nipelekwe mahakamani." Ukishasema hivyo, nyamaza. Usimwambie unamjua nani. Usimwambie utamfukuzisha kazi. Nimeona vijana wengi wanashinda kwenye hoja wanashindwa kwenye mdomo, wanajikuta na kosa jipya la kumzuia askari kufanya kazi yake.

Mwaka 2016 niliandikiwa kwamba nimeovateki kwenye mstari usiokatika. Sikufanya. Gari lililofanya lilikuwa mbele yangu, jeupe kama langu, trela kama langu. Nikasema mahakamani. Nikapelekwa kituoni, nikaandika maelezo, nikayasoma yote kabla sijaweka sahihi. Palikuwa na sentensi inayosema "nilikiri kosa", nikaomba ifutwe, ikafutwa. Mdogo wangu akaja kunidhamini na kitambulisho chake na barua ya serikali ya mtaa. Nikatoka jioni ile ile, sikulipa hata senti. Mahakamani nikasomewa shtaka, nikasema si kweli. Aliyeniandikia hakutokea mara ya kwanza, hakutokea mara ya pili. Hakimu akaifuta kesi.

Lakini nikuambie na upande wa pili, nisikudanganye. Miaka miwili baadaye nilikataa kosa ambalo nilikuwa nimelifanya kweli, kwa kiburi cha ile kesi ya kwanza. Afande akaja, akaeleza vizuri, na mimi mbele ya hakimu nikakosa la kusema. Nikatozwa zaidi ya ile faini ya karatasi, mahakama haifungwi na elfu thelathini. Kwa hiyo kataa ambalo hukulifanya. La tochi yako hukulifanya. La mtungi ulilifanya.

Funguo: ukisimamishwa, vuta breki ya mkono, zima gari, washa taa za hazadi, chomoa funguo mwenyewe uiweke mfukoni. Kioo shusha kiasi cha kuongea na kupitisha leseni. Afande anaona gari limezimwa, hana hofu kwamba utakimbia, na hana cha kuchomoa. Tangu nianze hivyo sijawahi kuporwa funguo.

Dada_wa_Sheria:

Nafanya kazi kwenye ofisi ya msaada wa kisheria. Mzee kaeleza vizuri, naongeza yale yanayohusu kukamatwa, kwa sababu FundiSare kauliza "nalala ndani?"

Katiba yetu, ibara ya 13(6)(b), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa kabla halijathibitika. Hata kosa la barabarani ni la jinai, kwa hiyo hilo linakuhusu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inasema anayekukamata akuambie sababu ya kukukamata. Una haki ya kuwasiliana na ndugu, rafiki au wakili. Kwa makosa haya ya kawaida unapewa dhamana kituoni, na usipopewa dhamana unatakiwa ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au mapema inavyowezekana. Dhamana haiuzwi. Anayekuambia "lete hamsini ya dhamana" anakuibia. Na wewe ni mwanamke: mwili wako hapekui askari wa kiume. Anapekua mwanamke mwenzako, kwa staha.

Kuhusu ile elfu ishirini nitasema ukweli, na sikulaumu hata kidogo, maana najua giza la barabarani likoje ukiwa peke yako. Sheria ya rushwa ya mwaka 2007 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa. Ndiyo maana yule aliyepokea anajua hutakwenda popote kushtaki, umeshafungwa mdomo kwa pesa yako mwenyewe. Wakati wa kupiga simu TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, 113, ni pale anaposema "ongea na sisi", kabla mkono haujaingia kwenye pochi.

Malipo halali hayana noti mkononi. Afande anakuandikia, kwenye karatasi kuna namba ya kumbukumbu ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba, unalipa kwa simu au benki na ujumbe unaingia. Huna pesa siku hiyo? Deni linabaki kwenye mfumo, ondoka na karatasi yako. Ila usilisahau, likikaa linaongezeka.

KijanaWaBoda:

Naomba kuuliza hapo hapo. Sisi wa pikipiki nako ni elfu thelathini? Juzi nimetajiwa hivyo kwa kofia ya abiria.

Dada_wa_Sheria:

Hapana. Kwa pikipiki na bajaji ilishushwa mwaka 2021 hadi 10,000 kwa kosa. Ukitajiwa thelathini, omba uandikiwe. Mfumo wenyewe utasema. Na huyo abiria mvalishe kofia, kaka, hilo si la afande, ni la kichwa chake.

MpitaNjiaVoi:

Niko Kenya, naendesha lori, huvuka mpaka wa Holili kuingia Tanzania mara kwa mara. Nawasomeni na kuona tunafanana. Kwetu kuna Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: ukikamatwa uambiwe sababu kwa lugha unayoielewa, unaweza kunyamaza, na ufikishwe kortini kabla saa 24 kuisha. Na kuna kimoja ambacho madereva wengi hawakijui: kama adhabu ya kosa ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, hufai kuzuiliwa rumande. Mimi nimeiandika kwenye karatasi ndogo, iko ndani ya kifuniko cha leseni. Sijawahi kumsomea polisi. Nikijua tu iko pale, sauti yangu haitetemeki.

DerevaWaNoah:

Hiyo ya sauti kutotetemeka imeniingia. Mimi nikisimamishwa naanza kusema "samahani afande" kabla hata sijaambiwa kosa.

MzeeWaSemi:

Acha hiyo, kijana. "Samahani" kabla ya kosa ni kukiri. Sema "habari za kazi, afande". Ngoja aseme yeye.

FundiSare:

Nimerudi, ni wiki ya tano sasa. Nawashukuru wote, mzee wangu shikamoo, hii nimeiandika.

Kwanza nilirudi pale kijijini Jumapili moja, kwa basi, nikashuka. Nilitaka kuona kama niliona vibaya. Kile kibao cha kumaliza 50, duara jeupe lenye mistari myeusi ya mshazari, kipo. Ila tawi la mwarobaini limekifunika nusu, dereva mgeni hawezi kukiona. Nimekipiga picha, na nimepiga kile cha ng'ambo kilichoonekana kwenye picha ya tochi. Vinatazamana, kimoja huku na kingine ng'ambo ya barabara. Sikuona vibaya. Nikapita kwa mwenyekiti wa kijiji kumwambia habari ya lile tawi, akasema atatuma vijana na panga.

La pili ni la juzi. Nimesimamishwa tena, barabara ile ile, sehemu nyingine. Nikafanya kama mlivyosema: breki, hazadi, funguo kwenye mfuko wa gauni. Afande akanionyesha picha, 63. Nikaomba kuitazama. Safari hii kibao kilikuwa bado kiko mbele yangu. Nilikuwa ndani ya 50 na watoto wa shule wanaonekana pembeni, na sare wenyewe wamevaa za kaki kama zile ninazoshona. Nilisikia vibaya.

Nikamwambia, "Afande, hili ni langu. Niandikie." Akasema tunaweza kumalizana kwa kumi, kwa nini niumie. Nikarudia hivyo hivyo, "Niandikie, afande." Alinitazama kidogo, kisha akaandika. Dakika kumi hazikufika. Nikalipa 30,000 kwa simu nikiwa nimesimama pale pale, ujumbe ukaingia, nikamwonyesha, akanirudishia leseni na kunitakia safari njema. Karatasi nimeihifadhi pamoja na bima.

MzeeWaSemi:

Na mtungi?

FundiSare:

Mpya, mzee. Mshale uko kwenye kijani, nautazama kila asubuhi kabla sijawasha gari.