Eti "Venus alikuwa mweupe"! Huyu mhariri wa picha atatumaliza

Mnamjua, sina haja ya kumtaja. Leo karudisha faili, mwanamitindo mweusi kapaushwa mpaka anafanana na chapati mbichi. Anaulizwa, anajibu: "Venus alikuwa mweupe." VENUS ALIKUWA MWEUPE! Banange!

Picha inafuata mchoro wa Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, wa Mhispania Velázquez, ule wa National Gallery, London: mwanamke uchi, mgongo kwetu, kioo mbele, shuka ya kijivu. Taa moja, softboksi (boksi la kitambaa la kulainisha mwanga) ya sentimita 120, mita 1 kutoka kwake, kushoto na juu kidogo. Ukuta uko mita 4 kutoka kwenye taa, kwa hiyo unapata takriban 1/16 tu ya mwanga anaoupata yeye. Unazama gizani wenyewe bila kitambaa cheusi. Kamera niliiweka ISO 100, f/8, sekunde 1/125.

Ngozi nyeusi inachorwa na mng'ao. Mafuta kidogo begani na kiunoni, taa ije kwa ubavu, umbo linajitokeza. Mhariri kang'arisha vivuli vyote: mng'ao umekufa, mgongo umekuwa bapa kama ubao, chengachenga za picha zimejaa kila mahali. Halafu ananiambia mimi Venus alikuwa mweupe!

TaaMoja: Mwambie kwamba Ingres, mchoraji Mfaransa, mwaka 1814 alimrefusha mgongo mwanamke uchi wa mchoro wake Odalisque kupita binadamu yeyote. Wachoraji wale walitafuta mstari wa mwili. Huyu anatafuta sabuni ya kung'arisha.

Ssebo_Kivuli: Ulimpa JPEG, faili lililobanwa, sivyo? Basi acha kulia. Mpe TIFF ya biti 16, faili lisilopoteza rangi, na umwandikie: ngozi isiguswe.

Mwenye uzi: Nilimpa RAW, faili ghafi la kamera, na maandishi juu! Jibu lake ndilo hilo, VENUS ALIKUWA MWEUPE!

Nyabo wa Dirishani: Mimi walionichosha ni wanaokariri "dirisha la kaskazini", eti halipigwi na jua moja kwa moja. Hiyo ni Ulaya, jamani! Kampala tuko jirani na ikweta. Juni jua liko kaskazini, linakupiga moja kwa moja. Dirisha hilo linatulia Desemba. Juni hamia la kusini, au tundika pazia jeupe jepesi.

Lastiki: Na wanamitindo wanaokuja na jinzi za kubana je? Alama za sidiria na soksi zinakaa saa nzima na zaidi, na taa ya ubavuni inazionyesha zote. Gauni pana tangu asubuhi, miguu bila soksi.

TaaMoja: Kweli kabisa, kufuta alama za lastiki kwenye kompyuta ni adhabu.

Mutuba: Wabaya zaidi ni wanaouza lubugo, kitambaa cha gome la mti cha kutundika nyuma, ukiwa umekunjwa. Kitambaa cha gome kinaviringishwa! Ukikikunja, mkunjo haunyooki kirahisi, na mwanga wa pembeni unauchora mstari mweusi katikati ya picha. Rangi yake ya udongo haiakisi taa, inapendeza sana nyuma ya ngozi nyeusi, halafu mtu anakuharibia kwa uvivu.

Nyabo wa Dirishani: Mutuba, lubugo mpana wa mita 2 unapatikana wapi? Ninaoonyeshwa mjini una viraka.

Mutuba: Nenda Mpigi, upande wa Mawokota, uongee na mafundi wenyewe. Viraka vya kushonwa ni vya kawaida, angalia tu visiangukie nyuma ya kichwa.