Mrejesho: ile shida yangu ya on, in na at

Nimerudi jamani. Mwezi uliopita niliwauliza vile naeza acha kuandika "in Monday" na "at morning" kwa imeli za Kiingereza naandikia wateja, maana niko mapokezi kwa ofisi moja hapa Westlands na bosi alikuwa anazirudisha kila mara. Asanteni sana wote mlijibu, mlinishika mkono kweli.

Yenye imenisaidia zaidi ni ya yule dada alisema niangalie ukubwa wa muda, yaani saa yenyewe kama saa tatu ni at, siku na tarehe ni on, mwezi na mwaka ni in, na asubuhi pia ni in. Niliandika kwa karatasi nikabandika kando ya kompyuta na wiki tatu sasa sijarudishiwa imeli hata moja juu ya hiyo. Halafu ile ya asubuhi ikishikana na siku inafuata siku, on Monday morning, hiyo sikuwa najua kabisa, na next Friday haitaki kitu mbele yake. At night nimeikariri tu hivyo.

Penye bado nimekwama ni by na until, kwetu zote ni "mpaka Ijumaa". Juzi niliandikia mteja alipe until Friday nikimaanisha isipite Ijumaa, ikabidi nimpigie nimweleze. Na nikiongea haraka kwa simu in bado inajitokeza kila mahali. Ule ushauri wa kusoma imeli kwa sauti kabla ya kutuma nimeuanza jana.