Wifi ananiomba nijiunge na biashara ya mtandao kwa mkopo wa kikoba: naomba ushauri

MamaNguoZaWatoto (Moshi)

Ndugu zangu, salaam. Nina jambo linalonikosesha usingizi tangu wiki ya Krismasi, na kwa kuwa linamhusu ndugu wa karibu, nimeona nilieleze kwa watu wasionifahamu kabla sijatoa jibu nyumbani.

Ninauza nguo za watoto za mitumba katika soko la Memorial hapa Moshi. Tulipokuwa Kibosho kwa sikukuu, wifi yangu alitukusanya wanawake wote jioni baada ya chakula, akafungua kompyuta mpakato juu ya meza ileile yenye sufuria la ndizi, akatueleza kuhusu kampuni inayouza dawa ya meno, sabuni, kahawa yenye uyoga na vidonge vya virutubisho. Mtu hujiunga kwa kununua kifurushi cha shilingi 650,000, kisha huingiza watu wawili chini yake, mmoja upande wa kushoto na mwingine wa kulia, pande ambazo wao huziita mguu wa kushoto na mguu wa kulia. Nao kila mmoja aingize wawili, hivyo hivyo kwenda chini, mpaka wewe uliye juu uwe unapokea hata ukiwa umelala. Alituonyesha picha ya mama mmoja aliyesimama kando ya gari jeupe. Sikuuliza gari ni la nani.

Fedha hiyo sina mkononi. Wifi anashauri nikope katika kikoba chetu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, ambako hisa zangu zinaniruhusu kukopa hadi 900,000, na ananihakikishia kwamba ndani ya miezi mitatu nitakuwa nimerejesha. Cheti cha usajili wa kampuni kutoka BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, nimekiona kwa macho yangu. Tena wifi si tapeli: mwanangu alipolazwa mwaka juzi, ndiye aliyetulipia hospitali bila kuombwa mara mbili. Mume wangu anasema kumkatalia dada yake kutaonekana ni dharau. Naomba mnieleze hatari iko wapi hasa, na nimjibuje wifi bila kuvunja undugu.

FundiRedioSakina (Arusha)

Dada yangu, pole sana. Nilikuwa ndani ya biashara ya namna hiyo kwa miezi 14, katika kampuni nyingine ambayo sitaitaja, na daftari langu ninalo mpaka leo. Kifurushi cha kuanzia kilikuwa 650,000 kama hicho chako. Jambo ambalo huenda wifi hakulisema mezani ni kwamba kila mwezi unatakiwa kununua tena bidhaa za kiasi fulani ili uhesabiwe kuwa "hai". Usiponunua, hata kamisheni ya watu uliokwisha kuwaingiza hulipwi. Mimi ilikuwa 95,000 kwa mwezi, yaani 1,330,000 kwa miezi yote. Viingilio vya semina, pamoja na nauli na malazi ya safari mbili za Dar es Salaam, vilikula 520,000. Jumla nilitoa 2,500,000. Kamisheni niliyopokea ilikuwa 410,000, na bidhaa nilizofanikiwa kuuza kwa watu wa kweli zilileta 380,000. Upungufu ni 1,710,000, na hapo sijahesabu siku nilizofunga meza yangu ya kutengeneza redio ili nikahudhurie mafunzo.

Bidhaa zilizobaki zilikaa chini ya kitanda. Shuka zetu zilinuka mnanaa wa dawa ya meno kwa karibu mwaka mzima, na mwanangu wa darasa la pili aliwahi kumwambia mgeni kwamba baba yake ni daktari wa meno.

Hata hivyo, fedha siyo iliyoniuma zaidi. Siku ya kwanza ya mafunzo tulipewa karatasi tuandike majina ya watu 100 tunaowafahamu, bila kumchuja yeyote. Nikaandika: baba wadogo, shangazi, wanakwaya, fundi mwenzangu, mwalimu wa mwanangu, jirani anayetuazima ngazi. Miezi kadhaa baadaye, nilipokuwa nikiwapigia mmoja mmoja na kuwaambia nina "fursa" ambayo siwezi kuieleza kwa simu, nilitambua kwamba nilikuwa nimeorodhesha watu wote ambao wangekuja kwenye msiba wangu. Ndio waliokuwa mtaji. Zile 650,000 zilikuwa kiingilio tu. Wanne waliingia kwa ajili yangu, na wote wanne walipoteza. Mmoja wao, tuliyeimba naye sauti ya tatu kwa miaka tisa, akiniona pale soko la Kilombero hapa Arusha huvuka barabara.

Nawe ukilalamika kwa apulaini wako, yaani yule aliyekuingiza, utaambiwa hujajituma au umekaa sana na watu wenye fikra za kimaskini. Mpango wenyewe hauhojiwi hata siku moja. Mimi niliamini kosa ni langu, ndiyo maana miezi miwili ikawa kumi na minne.

MhasibuMstaafu (Ngarenaro, Arusha)

Mama, nitajibu upande wa hesabu na sheria, kwa sababu fundi amekwisha kueleza vizuri upande unaouma.

Chukua karatasi. Mweke wifi yako juu peke yake. Chini yake wawili, kisha wanne, kisha wanane, kisha 16. Jumla ni watu 31, na tuchukulie kwamba kila mmoja amejituma kama alivyoagizwa na hakuna aliyekata tamaa. Wale 16 wa mwisho hawana mtu hata mmoja chini yao, na wanane waliopo juu yao wana wawili wawili tu. Hao ni 24 kati ya 31. Ongeza safu nyingine ya watu 32 ili kuwaokoa wale 16, na sasa wasio na mtu ni 32 kati ya 63. Safu ya mwisho siku zote huwa na watu wengi kuliko safu zote za juu zikijumlishwa, kwa hiyo hasara ya walio wengi imo ndani ya mchoro wenyewe hata kama wote ni wachapakazi. Ukiendelea mpaka safu ya 17 chini ya wifi, jumla ni watu 262,143, ilhali sensa ya mwaka 2022 iliikuta Manispaa ya Moshi ina watu zaidi ya 221,000 kidogo, vichanga vya mgongoni wakiwamo.

Swali linalotenganisha biashara na upatu ni hili: fedha anazolipwa aliye juu zinatoka kwa mteja anayetaka dawa ya meno, au kwa mtu anayetaka kuwa kama yeye? Kuuza kupitia mawakala wa ngazi nyingi peke yake si kosa. Nchini Marekani, mwaka 2016, kampuni ya Herbalife ilikubali kulipa dola milioni 200 katika shauri lililofunguliwa na tume ya serikali ya kulinda walaji, na ikatakiwa kubadili malipo yake ili walau theluthi mbili ya zawadi za wasambazaji itokane na mauzo ya rejareja yanayoweza kuthibitishwa. Mwaka uliofuata hundi zilitumwa kwa watu karibu 350,000. Nataja mfano huo kwa sababu kampuni ilikuwa na bidhaa, ilikuwa na ofisi na ilikuwa imeandikishwa, na bado swali likawa ni nani hasa anayenunua na kwa nini.

Kuhusu cheti cha BRELA: kinaonyesha kwamba kampuni imeandikishwa, basi. Hakisemi kwamba mpango wake wa malipo umekaguliwa, wala hakiruhusu kupokea amana za wananchi, ruhusa ambayo hutolewa na Benki Kuu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 171A, inakataza kuendesha upatu. Neno hili huwachanganya wengi, kwa kuwa akina mama huita upatu ule mchezo wao wa kupeana kwa zamu, ambao hauna neno: kumi wanatoa, mmoja anapokea, na zamu inazunguka mpaka kila mtu amekula. Upatu unaokatazwa hauzunguki. Unateremka tu, ukitafuta watu wapya. DECI, mpango wa kukusanya fedha hapa Tanzania ambao watu waliuingia kwa lugha ya kupanda mbegu na kuvuna, ilisimamishwa na serikali mwaka 2009, na viongozi wake walishtakiwa kwa makosa hayo mawili, kuendesha upatu na kupokea amana za umma bila leseni. Mwaka 2013 mahakama ya Kisutu ikawatia hatiani baadhi yao.

Sasa kikoba. Hapa naomba unisikilize kuliko kote. Mkopo wa kikoba una wadhamini, na wadhamini wako ni wanawake wenzako wa sokoni ambao hisa zao zitakatwa ukishindwa kurejesha. Wao hawakuwapo Kibosho na hawakuiona picha ya gari. Katiba ya kikoba chenu, nadhani, inataka mkopaji aeleze fedha inakwenda kufanya nini; jaribu kulieleza hilo kwa sauti mbele ya kikao, uone kama sentensi inakamilika. Mtumba wa nguo ukifunguliwa ukakuta nguo mbovu, bado utauza nusu yake kwa bei ya chini. Kifurushi hiki hakina bei ya chini, kwa sababu dawa hiyo ya meno inauzwa mara tatu au nne ya ile iliyopo dukani, na anayeinunua kwa bei hiyo ni mwanachama tu.

MjukuuWaMarangu (Moshi)

Ningependa kuongeza jambo moja kuhusu vidonge. Shangazi yangu ana kisukari, naye aliuziwa virutubisho na muumini mwenzake aliyemwambia kwamba vinasafisha kongosho. Akaacha dawa za kliniki kwa wiki tatu. Tulimkuta jikoni ameketi chini, haelewi leo ni siku gani, na pakiti ya vidonge ikiwa imewekwa vizuri juu ya friji kando ya Biblia. Alipona, Mungu ni mwema. Muuzaji hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amefundishwa semina ya saa mbili na alikuwa anatafuta pointi za mwezi. Dawa husajiliwa kama dawa na TMDA, mamlaka ya serikali ya dawa na vifaa tiba. Anayekuuzia kirutubisho kwa maneno ya tiba, mwombe akuonyeshe usajili huo kabla hujampa mgonjwa wako.

DadaWaSaluni (Njiro, Arusha)

Samahani, naona mnazungumza kana kwamba kila aliyemo ni mjinga au mwizi. Mimi nimo mwaka wa nne. Ninauza losheni na sabuni kwa wateja wa saluni yangu, ambao hawajui hata kwamba kuna miguu ya kushoto na kulia. Wanapenda losheni tu. Mwezi mzuri ninabaki na kama 120,000 baada ya kutoa gharama, na mwezi mbaya sipati kitu.

Lakini niseme ukweli ambao apulaini wangu hapendi niuseme. Niliacha kuingiza watu miaka miwili iliyopita, baada ya mdogo wangu kuingia na kupoteza ada ya chuo. Tangu hapo siitwi jukwaani, sipongezwi katika kundi la simu, na kwa mujibu wa mpango wa kampuni mimi ni mtu aliyekwama, ingawa nadhani ni miongoni mwa wachache wanaouza kitu. Mama, kama huna saluni, wala duka, wala wateja ambao wangenunua losheni hii hata usingekuwapo mpango wowote, usiingie. Kama unao, anza na kuchukua bidhaa tatu kwa wifi kwa mali kauli, uziuze mwezi mmoja pale Memorial, ndipo uamue. Akikataa kukupa bidhaa tatu lakini yuko tayari kukuuzia kifurushi, utakuwa umejua anachouza.

MamaNguoZaWatoto (Moshi)

Nawashukuru wote, hasa Dada wa Saluni, kwa kuwa ushauri wake ndio niliweza kuutumia bila kumkosea wifi heshima.

Jumapili baada ya ibada nilimfuata kwake Rau, nikiwa nimebeba maziwa mgando kama kawaida yetu. Nilimwambia kwamba mkopo wa kikoba sitauchukua kwa sababu wadhamini wangu hawakushirikishwa, ila niko tayari kuchukua sabuni kumi na dawa za meno tano, niziweke mezani kwangu pembeni ya nguo, na kila jioni nimletee hesabu. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akainuka, akafungua mlango wa chumba cha wageni.

Ndugu zangu, nilihesabu katoni 22. Naye amekopa, tena si kwenye kikoba bali kwa mkopeshaji wa mtaani, na kaka yake, yaani mume wangu, hajui. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepungukiwa mtu mmoja tu kabla ya mwisho wa mwezi ili apande ngazi, na mtu huyo nilikuwa mimi. Alilia, nami nikalia, kisha tukaosha nyuso na kuanza kuzipanga katoni kwa tarehe za mwisho wa matumizi. Nne zinaisha mwezi Machi.

Bei aliyonunulia hatutaipata, hilo amekubali mwenyewe. Sabuni tumeanza kuziuza mojamoja kwa 2,000, na kwa siku tatu nimetoa 17. Ile kahawa ya uyoga ndiyo inayotushinda, kwa maana watu wa Moshi wanaijua kahawa, na kila anayeionja anauliza imepatwa na nini. Mwenye uzoefu wa kuuza bidhaa za namna hii kwa jumla pale soko la Mbuyuni anieleze kama wenye maduka huzipokea, na kwa punguzo la kiasi gani, kabla ya Machi.