Nyumba moja, mita tatu, kodi ya majengo inakatwa mara tatu. Naanzia wapi?

Kibaraza2: Wakuu, habari za jioni. Nyumba ni ya bi mkubwa, mama yangu, iko Tabata, Dar, ya kawaida, haina ghorofa. Mbele anaishi yeye, uani kuna vyumba vya kupangisha. Ili kuua ugomvi wa umeme tulifunga mita tatu. Sasa kila mwezi kila mita inakatwa 1,500 mtu akinunua LUKU (umeme wa kulipia kabla). Kwa mwaka ni 54,000, na nyumba kama hii inatakiwa ilipiwe 18,000. Wapangaji nao wamekuja juu, wanataka niwapunguzie kwenye pango. Mama ana miaka 67. Nifanyeje?

Fundi Mchundo: Mkuu, kodi hii ni ya jengo, si ya mita. Tangu ilipohamishiwa kwenye LUKU Agosti 2021, mfumo unaona mita tu. Hauwezi kujua zote ziko chini ya paa moja mpaka mwenye nyumba aseme. Beba namba za mita, risiti zenye makato, kitambulisho cha mama na karatasi za umiliki, nenda TRA (mamlaka ya mapato) ya wilaya yenu, omba makato yabaki kwenye mita moja. Dirisha la umeme si mahali pake, kule wanakusanya tu. Halafu, uani pameungana na nyumba kubwa au ni banda la peke yake? Swali hilo lazima utaulizwa.

Jogoo wa Kona: 1,500 ndiyo unalilia? Wenye ghorofa tunakatwa 7,500 kila sakafu tangu 2023. Lipa ulale.

Kibaraza2: 36,000 za bure kila mwaka silali nazo, mkuu. @Fundi, pameungana, ukuta mmoja.

Mama Pacha: Wapangaji wana haki bwana. Mwenye kudaiwa ni mwenye nyumba, wao wamelipa kwa niaba yake. Wapunguzie kwenye pango na muandikishane, mambo ya mdomo yanaleta kesi.

Fundi Mchundo: Kuhusu umri wa mama: aliyefikisha 60 ana msamaha kwa nyumba anayoishi mwenyewe, ila hauji wenyewe, lazima aombe. Shida yenu ni hao wapangaji. Msiwafiche, elezeni kama ilivyo, ofisa ndiye aamue. Na zile zilizokatwa zaidi, andikeni barua zihesabiwe kwenye kodi inayokuja. Barua igongwe muhuri, nakala ubaki nayo.

Kibaraza2: Asante sana. Mita ya kubaki na makato iwe ipi sasa?

Mama Pacha: Ya bi mkubwa! Mpangaji akihama chumba kikakaa miezi bila kununuliwa umeme, makato yanalimbikizwa, anayeingia anakuta deni. Hapo utaitwa majina yote.