Naomba ushauri: namna ya kumkumbuka mama mkwe

Habari zenu ndugu zangu. Mama mkwe wangu anakaribia kutimiza mwaka tangu atutoke. Alinipenda kama mwanawe wa kumzaa. Nilipojifungua ndiye aliyekesha na mtoto ili mimi nipate usingizi. Natamani tumkumbuke vizuri, lakini mume wangu akisikia tu jina la mama yake, anainuka na kutoka. Watoto nao hawaachi kumuulizia bibi yao. Nimewaza kukusanya picha zake na kuwarekodi wazee wakisimulia maisha yake, maana nao umri umekwenda. Je, nianze na watoto taratibu, au nimsubiri kwanza baba yao? Mawifi niwashirikishe sasa? Mliopitia haya, naombeni mnisaidie.